Nasaba ya Virusi na Ufundishaji wa Ushahidi

Mwalimu anapoulizwa na wanafunzi wake ugonjwa wa UKIMWI ulitoka wapi, aghalabu hujibu kwa sentensi moja: ulitoka kwa nyani. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini kama fundisho ni hafifu. Halisemi ni mnyama yupi, wala ni lini, wala ni wapi. Na lililo baya zaidi, halisemi tumejuaje. Mwanafunzi hupewa neno la kuamini, naye akitoka nje ya lango la shule hukutana na maneno mengine yanayodai kuaminiwa vilevile: kwamba ugonjwa ulitengenezwa katika maabara, kwamba uliletwa na chanjo, kwamba ni laana. Kwa kuwa neno la mwalimu halikuja na ushahidi, halina nguvu kuliko haya ya barabarani. Neno hupambana na neno, na lenye kusisimua ndilo hushinda.

Si ajabu kwamba watu hutafuta chanzo cha msiba. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini Tanzania walionekana mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa muda wapo waliouita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilicholetwa na wachuuzi wa mpakani. Watu hao hawakuwa wajinga. Walitazama ni nani ameugua, wakatazama amefanya kazi gani na amevaa nini, wakatafuta uhusiano. Hiyo ndiyo kazi ya akili ya binadamu siku zote. Lakini akili isiyofundishwa namna ya kupima ushahidi hushika kile kilicho karibu nayo, na kile kilicho karibu si lazima kiwe ndicho.

Maoni yetu katika makala haya ni kwamba nasaba ya retrovirusi vya primati, yaani lile kundi la tumbili, kima, mbega, nyani, sokwe, gorila na sisi wenyewe, yafaa kufundishwa kama somo la kupima ushahidi, wala si kama orodha ya majina ya kukariri. Twashikilia pia kwamba somo hilo laweza kufundishwa katika darasa lolote lenye karatasi, kalamu na ubao.

Virusi vinavyoandika kinyume

Retrovirusi ni virusi ambavyo urithi wake umeandikwa kwa RNA. Vikiingia ndani ya seli huyageuza maandishi hayo yakawa DNA, kisha huyapachika katika DNA ya seli yenyewe, mfano wa mtu achomekaye ukurasa wake katika kitabu cha mwingine. Tangu hapo, kila seli igawanyikapo, ukurasa ule hunakiliwa pamoja na kitabu kizima. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ya kugeuza kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa uchunguzi wake, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1975 pamoja na Renato Dulbecco. Kabla ya ugunduzi huo ilidhaniwa na wengi kwamba maandishi ya urithi huenda upande mmoja tu, kutoka DNA kwenda RNA. Neno retro katika jina la virusi hivi ladokeza huko kurudi nyuma.

Jambo la kuzingatiwa na mwalimu ni hili: kimeng'enya hicho ni mwandishi mzembe. Hukosea mara kwa mara anaponakili, wala hana desturi ya kurudia na kusahihisha. Kosa likishaingia hurithiwa na nakala zote zitokazo katika nakala ile. Kwa sababu hiyo nasaba ya virusi yaweza kusomwa, na mtu wa kwanza kuielewa anapaswa kuwa mwalimu, kwa maana amekuwa akiisoma kila siku katika madaftari.

Madaftari yaliyonakiliwa

Hakuna mwalimu asiyepata kuketi na rundo la madaftari akaona wanafunzi wawili wana jibu lisilo sahihi, na kwamba ni lilelile, kwa maneno yaleyale. Jibu sahihi likifanana halimwambii kitu, kwani wawili wanaweza kujua kila mmoja kwa juhudi yake. Kosa linalofanana ndilo limwambialo kwamba mmoja amenakili kwa mwenziwe, au wote wawili wamenakili kwa mtu wa tatu. Wahariri wa tenzi za kale hutumia kanuni hiyohiyo wanapokuwa na miswada kadhaa ya utenzi mmoja: hukusanya makosa wanayoshirikiana waandishi, na kwa hayo hujua mswada upi ulitokana na upi. Wataalamu wa virusi hawana kanuni nyingine iliyo kuu kuliko hiyo.

Basi twapendekeza zoezi. Mwalimu aandike ubaoni sentensi hii: Mkulima alipanda mahindi mengi kando ya mto mkubwa. Kisha agawe karatasi nne alizotayarisha, kana kwamba zimenakiliwa na watu wanne.

Ya kwanza: Mkulima alipanda mahindi mengi kando ya mti mkubwa.

Ya pili: Mkulima alipanda mahindi mema kando ya mti mkubwa.

Ya tatu: Mkulima alipanga mahindi mengi kando ya mto mkubwa.

Ya nne: Mkulima alipanga mahindi mema kando ya mti mkubwa.

Wanafunzi waachwe wajadiliane kwa makundi. Upesi wataona kwamba ya kwanza na ya pili ni ndugu, kwa kuwa zote zimegeuza mto ukawa mti. Na kwamba ya pili ni mtoto wa ya kwanza, kwa kuwa imebeba kosa la mzazi ikaongeza la kwake. Wataona kwamba ya tatu ni ya ukoo mwingine uliotoka moja kwa moja ubaoni. Lakini ya nne itawasumbua. Ina alipanga, kosa la ukoo wa tatu, na papo hapo ina mema na mti, makosa ya ukoo wa pili. Mwalimu asiharakishe kuwaambia. Baada ya muda atatokea mwanafunzi atakayesema kwamba mtu huyu alinakili nusu ya kwanza kwa mmoja na nusu ya pili kwa mwingine. Mwanafunzi huyo atakuwa amegundua kwa akili yake jambo ambalo, kama tutakavyoona, lilitokea katika virusi vya sokwe.

Kisha mwalimu afute ubao. Katika maumbile nakala ya asili haipo tena, na mtaalamu hulazimika kukisia asili kwa kulinganisha nakala alizo nazo na jamaa aliye mbali zaidi. Wanafunzi wajaribu tena bila ya ubao, waone jinsi kazi inavyozidi kuwa ngumu, na jinsi isivyokuwa muhali.

Tahadhari moja isisahauliwe. Ikiwa wanafunzi wawili wameandika aripanda badala ya alipanda, je, wamenakiliana? Huenda sivyo. Wote wawili huenda wametoka katika lugha ya kwanza isiyotenganisha sauti hizo mbili, na kila mmoja amekosea peke yake kwa sababu ileile. Katika virusi nako ni hivyo. Ipo sehemu moja katika protini ya VVU-1 ambayo imebadilika kwa namna moja katika makundi ya virusi yaliyomwingia binadamu kila moja kwa njia yake. Badiliko hilo haliwafanyi kuwa ndugu wa karibu. Laonyesha tu kwamba mwili wa binadamu uliwadai wote jambo lilelile. Kwa hiyo mtaalamu hategemei kosa moja, bali hukusanya mengi na kuyapima kwa pamoja.

Matawi yanavyotofautiana

Mwanafunzi aliyekwisha kufanya zoezi hilo yu tayari kuelezwa habari za virusi wenyewe. Aelezwe kwanza kwamba retrovirusi vya primati havina historia moja.

Viko virusi vya povu, viitwavyo hivyo kwa jinsi seli zilizoambukizwa zinavyoonekana kama povu katika darubini. Mti wa nasaba wa virusi hivi hufuata mti wa wanyama wanaovibeba: pale koo za wanyama zilipoachana, na virusi viliachana. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba safari hiyo ya pamoja imedumu zaidi ya miaka milioni 30. Mwaka 1971 virusi vya povu vilipatikana katika seli za mgonjwa mmoja wa Kenya, vikadhaniwa kuwa ni vya binadamu. Nasaba ilipopimwa baadaye ilionekana kwamba vilikuwa ni virusi vya sokwe. Binadamu huvipata kwa kuumwa au kwa kushughulika na wanyama hao, wala haijaonekana kwamba huambukizana wao kwa wao.

Viko virusi vya aina ya HTLV-1, vilivyotangazwa mwaka 1980, ambavyo katika baadhi ya watu husababisha saratani ya damu. Hapa mti wa virusi haufuati mti wa wanyama. Virusi vya binadamu na vya sokwe wa Afrika ya Kati vyaweza kuwa karibu zaidi kuliko virusi vya binadamu wa mabara mawili. Mpaka uliovizuia ulikuwa ule wa nchi, wala si wa aina ya mnyama.

Viko pia virusi vilivyokwisha kuwa sehemu ya urithi wenyewe. Asilimia 8 hivi ya jenomu ya binadamu ni mabaki ya retrovirusi vilivyoingia katika seli za uzazi za wahenga wetu wa kale. Mengi ya mabaki hayo yako mahali palepale katika jenomu ya sokwe, kama ukurasa mgeni uliochomekwa kati ya kurasa zilezile za vitabu viwili. Jeni mojawapo iliyotokana na mabaki hayo, iitwayo sinsitini, sasa husaidia kuunda kondo la mama mjamzito. Lakini liko kundi jingine la mabaki lililomo katika jenomu za sokwe na gorila ambalo halimo katika yetu. Mwanafunzi na aulizwe: ni nini kilichotukia, na ni kabla au baada ya koo kuachana?

Kundi lituhusulo zaidi ni lile la virusi vya upungufu wa kinga, ambavyo kwa nyani na sokwe huitwa SIV na kwa binadamu VVU. SIV vimeonekana katika aina zaidi ya 40 za primati wa Afrika. Primati wa Asia hawana virusi hivi kwa asili. Na hapa pana kisa kinachofaa sana darasani. SIV vilipotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1985, vilikuwa katika makaku, wanyama wa Asia, waliofugwa katika kituo cha utafiti huko Marekani na ambao walikuwa wakiugua. Ilikuwaje? Mti wa nasaba ulijibu. Virusi vile vilikuwa kitawi cha virusi vya mangabi wa rangi ya masizi, mnyama wa Afrika Magharibi aliyefugwa pia katika vituo vya Marekani. Vilikuwa vimeruka kutoka kwa mfungwa mmoja hadi kwa mwingine. Kwa mangabi huyohuyo ndiko vilikotoka VVU-2, vilivyotambuliwa mwaka 1986 kwa wagonjwa wa Afrika Magharibi.

Virusi vya sokwe, kwa upande wao, ni kama ile karatasi yetu ya nne. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba sehemu moja ya urithi wake inafanana na virusi vya mangabi mwenye utosi mwekundu, na sehemu nyingine inafanana na virusi vya kima wa jamii ya yule mwenye doa puani. Sokwe huwinda nyani wadogo na kuwala. Alipata virusi viwili kwa mawindo mawili, navyo vikachanganyika ndani ya mwili wake vikawa kitu kipya.

Kutoka kwa sokwe wa Afrika ya Kati ndiko vilikotoka VVU-1. Jambo hilo liliungwa mkono kwa nguvu na uchunguzi wa mwaka 1999, na mwaka 2006 watafiti waliokusanya kinyesi cha sokwe wa porini walipata jamaa wa karibu kabisa wa virusi hivyo kusini-mashariki mwa Kamerun. Wala havikuruka mara moja tu. VVU-1 vina makundi manne, M, N, O na P, na kila moja lilimwingia binadamu kwa mruko wake. M na N yalitoka kwa sokwe. O na P yana jamaa wa karibu katika gorila, ambao nao walikuwa wameyapata kwa sokwe. Njia inayoelekea zaidi ni damu ya mnyama aliyewindwa na kuchinjwa. Kundi P limeonekana kwa watu wachache mno, na N vilevile. Ni M peke yake lililoenea duniani kote.

Uvumi mbele ya ushahidi

Sasa tuone faida ya elimu hii. Mwaka 1983 gazeti la Patriot la India lilichapa habari kwamba UKIMWI ulitengenezwa na Wamarekani katika maabara za jeshi. Habari hiyo ilisambazwa duniani na idara za upelelezi za Kisovieti, na mwaka 1992 Yevgeny Primakov, mkuu wa upelelezi wa nje wa Urusi, alikiri jambo hilo. Lakini hatuhitaji ungamo la mpelelezi. Katika damu iliyochukuliwa mjini Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwaka 1959, na katika kipande cha nyama ya mwili kilichohifadhiwa mjini humo mwaka 1960, vilipatikana virusi vya kundi M. Nakala hizo mbili zilikwisha kutofautiana sana. Ikiwa kila mkono unaonakili huongeza makosa kwa kadiri fulani, basi wingi wa tofauti hutuambia urefu wa mnyororo wa wanakili. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 iliweka mhenga wa kundi M karibu na mwaka 1908, kati ya 1884 na 1924. Ufundi wa kuunganisha vipande vya DNA kwa mkono wa binadamu ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtoto hawezi kumtangulia babu yake.

Ikaja dhana nyingine, iliyoelezwa kwa kirefu katika kitabu cha mwaka 1999, kwamba virusi viliingia kwa chanjo ya polio iliyojaribiwa katika Kongo ya Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, nayo eti ilitayarishwa kwa kutumia seli za sokwe wa karibu na Stanleyville, yaani Kisangani. Dhana hiyo haikustahili kudharauliwa. Ilistahili kupimwa, na ilipimwa. Akiba za chanjo zilizosalia hazikuonekana na SIV. Mwaka 2004 ilielezwa kwamba sokwe wa eneo la Kisangani wana virusi vya tawi jingine kabisa, lisilo chimbuko la VVU-1. Ni sawa na kumtuhumu mwanafunzi kwamba amenakiliwa, hali makosa yaliyomo katika daftari lake si yale yaliyomo katika daftari la mtuhumiwa mwenziwe. Mwanafunzi aliyeelewa hayo hataikimbia chanjo ya mtoto wake kwa ajili ya hadithi hiyo.

Hata hivyo, hatutaki mwalimu aifanye saa hii ya makosa kuwa jambo lisilo na shaka. Kwa kufuata kasi ya makosa ya siku hizi, wapo waliokadiria kwamba SIV vina umri wa miaka mia kadhaa au elfu chache tu. Kisha kikachunguzwa kisiwa cha Bioko, kilichotengwa na bara la Afrika na bahari miaka 10,000 hivi iliyopita. Nyani wa kisiwani walionekana kuwa na virusi vilivyo jamaa wa karibu wa virusi vya nyani wa bara wa ukoo wao, jambo lisilowezekana kama virusi havikuwako kabla ya utengano. Uchunguzi huo wa mwaka 2010 ulikadiria umri wa SIV kuwa si chini ya miaka 32,000. Saa iliyo sahihi kwa karne moja si lazima iwe sahihi kwa karne mia tatu. Kisa hiki kifundishwe waziwazi, kwani mwanafunzi anayeona elimu ikijisahihisha huiheshimu zaidi kuliko yule aliyeambiwa kwamba haikosei.

Suala la heshima

Yapo manung'uniko ambayo mwalimu hawezi kuyapuuza. Tangu miaka ya 1980 Waafrika wengi wameichukia kauli kwamba ugonjwa huu ulitoka Afrika, tena kwa nyani, kwa sababu waliisikia kutoka katika vinywa vya watu waliokuwa na dharau. Chuki hiyo ina haki yake. Lakini dawa yake si kuikataa nasaba. Dawa yake ni kuisoma mpaka mwisho.

Nasaba inasema kwamba virusi vya nyani vilimwingia binadamu mara nyingi, na karibu mara zote mruko ulikufa au ulibaki mdogo. Kwa nini basi mmoja ukawa msiba wa dunia? Uchunguzi wa mwaka 2014 uliweka mwanzo wa kuenea kwa kundi M mjini Kinshasa karibu na mwaka 1920, na ukafuatisha njia za reli za koloni. Mwishoni mwa miaka ya 1940 abiria zaidi ya milioni moja kwa mwaka walipita mjini humo kwa reli. Ulikuwa mji wa vibarua waliotolewa mbali na wake na watoto wao, na huenda sindano zilizotumiwa kwa watu wengi bila ya kuchemshwa vya kutosha zilichangia pia. Mwindaji aliyekatwa na kisu msituni hakuleta msiba wa dunia. Msiba ulihitaji reli, mji na uchumi wa aina fulani, na hayo hayakubuniwa na mwindaji.

Sokwe nao si wenye hatia. Mwaka 2002 virusi hivi vilitambuliwa katika sokwe wa porini wa Gombe, mkoani Kigoma, na mwaka 2009 ikaonyeshwa kwamba sokwe wa Gombe walioambukizwa wana hatari ya kufa iliyo mara 10 hadi 16 ya wenzao wa umri wao. Virusi vyao ni vya tawi la mashariki, lisilojulikana kumwingia binadamu. Ni wagonjwa kama sisi, kwa virusi vilivyo binamu ya vyetu.

Twaongeza onyo moja. Katika kila darasa huenda yumo mtoto anayeishi na virusi hivi, au aliyefiwa na wazazi kwa ajili yake. Zoezi la sentensi lina fadhila hii, kwamba mjadala huanzia katika mahindi na mto, wala si katika mwenendo wa mtu. Mwalimu asiombe mifano ya nyumbani.

Pingamizi na mapendekezo

Tutaambiwa kwamba muhtasari umejaa. Twajibu kwamba zoezi hili huchukua vipindi viwili, na kwamba mwanafunzi aliyelifanya hujifunza kwa pamoja urithi, mabadiliko ya viumbe na afya, mambo ambayo kwa kawaida hufundishwa kwa vipindi vilivyotengana. Tutaambiwa kwamba mabadiliko ya viumbe huwatia baadhi ya wanafunzi wasiwasi wa imani. Twajibu kwamba hatumwombi mwanafunzi atamke anachokiamini. Twamwomba aseme ushahidi uliopo mbele yake unaelekea wapi, na kwa sababu gani. Tutaambiwa pia kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Nasaba, ukoo, tawi, mhenga, kunakili na kurithi ni maneno ya watu wetu tangu zamani, na hata pale somo linapofundishwa kwa Kiingereza, fikra yenyewe yaweza kujengwa kwanza kwa maneno hayo.

Basi twapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mwanachuo wa sayansi atayarishe karatasi zake mwenyewe za zoezi hili, kwa sentensi aliyoitunga, na kulifundisha wakati wa mazoezi ya kufundisha. Atakayeweza kutunga makosa yanayosomeka vizuri atakuwa ameielewa nasaba. Pili, mitihani ya vyuo iache kuuliza, Taja makundi ya VVU-1. Iulize hivi: Zifuatazo ni nakala tano, chora mti wake, eleza ni kosa lipi lililokuongoza, kisha taja nakala ambayo, kama ingepatikana, ingekufanya uuchore upya. Mwanafunzi anayeweza kujibu sehemu ya mwisho ya swali hilo hatadanganywa kwa urahisi, iwe ni juu ya virusi au juu ya jambo jingine lolote.